Mkono wa Kulia wa Nadine Pruett

Watu wa mji wetu wa Harkey, Texas, wanaugua adabu. Nasema wanaugua kwa sababu nimeishi nao miaka sitini na saba na sijaona maradhi mengine yaliyowala wengi kiasi hicho, ukiacha kisukari. Mtu wa Harkey ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Ukimpa maharage yaliyochacha atayala, atashukuru, na kesho atakurudishia bakuli limeoshwa, na kipande cha keki ndani yake. Na katika wagonjwa wote hao, hakuna aliyezidiwa kama Nadine Pruett.

Nadine ni mke wa Orval Pruett, mkulima wa pamba, kilomita kumi na mbili kutoka mjini. Alizaa wanne akawalea wanne. Alimuuguza mama mkwe wake miaka tisa, na yule mama, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kushukuru. Kila msimu wa pamba alipika chakula cha wanaume kumi na kukipeleka shambani kwa gari la mizigo, kisha akarudi kuosha masufuria. Kwa yote hayo hakupata mshahara hata siku moja. Ukimuuliza anafanya kazi gani, anakujibu, "Mimi? Nipo nyumbani tu."

Jumapili alipiga piano kanisani kwetu, kanisa la Kibaptisti, kwa miaka thelathini na minane. Mwaka 1987 mashemasi walipendekeza alipwe kitu kidogo. Kidogo kweli, hata mafuta ya gari yasingetosha. Nilikuwepo kwenye mkutano huo. Nadine alisimama uso umemwiva, akasema, "Jamani, msinitie aibu. Kazi ya Bwana siiuzi." Watu wakampigia makofi, na mashemasi wakalifuta pendekezo haraka kabla hajabadili mawazo. Kumbukumbu za mkutano zimo kabatini hadi leo. Yakumbukeni makofi hayo, maana tutayarudia.

Mimi ni Dorthea Kemp. Nilikuwa karani wa mahakama ya kaunti kwa miaka ishirini na sita, yaani hakuna aliyemshtaki mwenzake Harkey ambaye karatasi zake hazikupita mikononi mwangu. Sisemi haya kwa kujisifu. Nayasema ili baadaye nikisema mtu fulani ni mwongo, mjue nilikuwa na faili.

Daktari wetu anaitwa Whitfield Lassiter. Sote tunamwita Whit, kwa sababu tulimjua akiwa na kamasi. Nadine ndiye aliyemfundisha Shule ya Jumapili alipokuwa na miaka saba, na mji mzima ulichanga kumpeleka chuo cha udaktari. Alirudi na meno meupe, mke kutoka Dallas aitwaye Celeste, na tabia ya kukushika mkono kwa mikono yake yote miwili huku akikutazama machoni. Ukishikwa hivyo unaona kama umeshapona. Mimi nilishikwa mara moja, nikaenda kunawa.

Mwaka 2002, baada ya Pasaka, mkono wa kulia wa Nadine ulikuwa ukifa ganzi asubuhi. Whit akamwambia kuna upasuaji mdogo wa kifundo cha mkono, dakika ishirini, hata hatalala hospitali. Kweli hakulala. Ila alipoamka kesho yake, kidole gumba, cha shahada na cha kati havikuwa vyake tena. Whit alimwambia asubiri, ni uvimbe. Akasubiri mwezi, miwili, sita. Siku moja alikuwa akitoa pai kwenye oveni akasikia harufu ya nyama inayoungua. Akaangalia huku na huku, akakuta ni vidole vyake.

Orval ndiye aliyempeleka kwa bingwa wa mikono huko Lubbock, baada ya kuona lile lengelenge. Yule bingwa aliugeuza mkono kwenye mwanga akauliza, "Nani alikata hapa?" Nadine akamtajia jina. Bingwa akaandika sana, wala hakusema neno jingine ila "pole, mama". Madaktari wana adabu yao pia, ila wanawekeana wao kwa wao.

Kanisani wakanunua mashine ya kupiga nyimbo. Inaanza bila kungoja watu wasimame.

Sasa msidhani Nadine alitaka pesa. Nimemjua tangu tuko wasichana, na kitu alichokitaka ni kimoja: Whit amtazame usoni aseme, "Nadine, niliukata mshipa wako wa fahamu." Basi. Aliamini lazima yeye mwenyewe alifanya kosa mahali, pengine alitumia mkono mapema mno, pengine hakuomba vya kutosha. Alitaka aambiwe kwamba si yeye. Nilimwambia, "Shoga, mficha uchi hazai, mwendee umuulize." Akanijibu, "Dorthea, atajisikia vibaya."

Kiangazi cha 2003 likaja lile balaa la kura. Wabunge wetu wa jimbo huko Austin walitunga sheria ya kuweka kikomo kwenye fidia ya mgonjwa aliyeumizwa na daktari. Mshahara uliopoteza, huo haukuguswa, ulikuwa halali yako wote. Kikomo kiliwekwa kwenye maumivu, huzuni, kilema, yale yasiyo na risiti. Kisha wakatutaka tupige kura mwezi Septemba, Jumamosi, wakati kila mwenye akili anawaza mechi za mpira, ili katiba ya jimbo ilinde kikomo hicho. Waliokitaka walituambia madaktari wanakimbia Texas kwa kuogopa kesi. Waliokikataa, na wengi walikuwa mawakili wenye picha zao barabarani, walituambia wanampigania mnyonge. Sijui nani kati yao alinichefua zaidi. Wale wa kwanza walikuwa na makoti meupe, wa pili walikuwa na viatu vya ngozi ya mbuni.

Julai wale wa makoti meupe wakaandaa karamu ya nyama ya moshi kwenye ukumbi wa mji. Mbunge wetu, Buck Tolliver, akaja na kofia kubwa kuliko shamba lake. Akapanda jukwaani na kusimulia habari ya mwanamke mmoja aliyechomwa na kibanzi cha mbao akashinda mamilioni. Alipobanwa ni mwanamke gani, akasema yupo kaunti ya jirani. Kaunti za jirani ni nane. Akaendelea kupaza sauti, "Kesi zimetugharikisha, ndugu zangu! Gharika!"

Nilikuwa nimekaa mbele na sahani yangu. Nikamwuliza, "Mheshimiwa, gharika hiyo imenyesha wapi? Miaka ishirini na sita nimepokea kesi nne za madaktari. Mbili ziliondolewa, moja mgonjwa alishindwa, ya nne walimalizana kimyakimya."

Akacheka, akawaangalia watu. "Mnamwona mama yetu? Akistaafu tutamfanya gavana."

"Nikiwa gavana nitaanza na wewe. Jibu swali."

"Mama, kula nyama, itapoa."

Watu wakacheka, na mimi nikala nyama, maana ilikuwa nzuri. Debe tupu haliachi kuvuma, na huwezi kushindana nalo ukiwa na njaa.

Kisha akapanda Whit. Hakuvaa koti jeupe, alijua kwetu tunataka mikono ya shati iliyokunjwa. Alisema kwa sauti ya chini hadi wazee wakatega masikio. "Mimi nawapenda wagonjwa wangu," alisema. "Wengine mmenilea. Kuna siku natamani nimshike mgonjwa mkono nimwambie, nisamehe, nilikosea. Siwezi. Nikisema, kesho neno langu liko mahakamani. Wamenifunga ulimi. Nifungueni ulimi huu, ndugu zangu, mniachie nizungumze na watu wangu kama jirani na jirani."

Nilimgeukia Nadine. Alikuwa analia, uma umemtoka mkononi bila yeye kujua. "Umemsikia?" aliniambia. "Ananiambia mimi, Dorthea. Maskini, amefungwa tu."

Niliinama nikamwokotea uma.

Wakati huohuo Orval, mtu asiyesema maneno kumi kwa siku, alikuwa amempeleka mkewe kwa wakili huko Lubbock. Anaitwa Randall Voss, yule wa kwenye bango kubwa mbele ya kiwanda cha kuchambua pamba, anayekunyooshea kidole ukipita. Nadine alinisimulia. Voss alimuuliza alikuwa anapata mshahara gani kabla ya kuumia.

"Sina mshahara. Nipo nyumbani tu."

"Na piano? Kanisa linakulipa?"

"Hapana. Walitaka kunilipa, nikakataa."

"Ulikataa." Voss akaweka kalamu chini. "Mama, ungepokea hata dola tano kila Jumapili, leo ningekuwa na kitu cha kushika. Kwa sheria mpya mkono wako ni maumivu matupu, na maumivu yamewekewa kifuniko. Kumleta bingwa athibitishe kutakula karibu fidia yote." Kisha akamwambia jambo la maana, la pekee nililowahi kusikia kutoka kwake: sheria inaanza Septemba mosi, hata kabla ya kura. Kesi itakayofika mahakamani kabla ya siku hiyo inakwenda kwa sheria ya zamani. Karatasi zilikuwa tayari. Kilichobaki ni sahihi ya Nadine.

Nadine akasema atafikiri. Alifikiri hadi Agosti ikaingia wiki ya mwisho.

Siku hiyo nilikuwa kibarazani kwake tunamenya kunde, yeye kwa mkono wa kushoto, mimi kwa yote miwili, na bado alinishinda. Gari la Whit likaingia na vumbi lake. Akashuka yeye na Celeste, na Celeste ameshika bango la kuchomeka uani: PIGA KURA YA NDIYO, MLINDE DAKTARI WAKO.

"Mama Nadine!" Whit akamkumbatia. "Na mama Dorthea, bado unanichukia?"

"Sijapata nafasi ya kuanza vizuri," nilimwambia.

Akacheka. Celeste akasema, "Nadine, mpenzi, nyumba yenu iko kwenye kona, kila mtu anapita hapa. Ungetuwekea bango hili wiki mbili tu? Watu wanakuheshimu sana."

Nikamtazama Nadine. Nilitaka aseme hapana. Neno lenyewe ni fupi, hata mtoto wa mwaka mmoja analiweza. Nadine akasema, "Bila shaka, mpenzi, lichomeke tu, jihadhari na maua." Kisha akaingia ndani kuwaletea chai ya barafu.

Celeste alipokuwa akipigilia bango, Whit alikaa kwenye ngazi karibu na miguu ya Nadine, kama alivyokuwa akikaa Shule ya Jumapili. "Nimesikia umekwenda Lubbock kwa mtu fulani," alisema. Mji huu hauwezi kutunza hata harufu.

"Orval ndiye aliyetaka, mwanangu."

"Simlaumu. Ila nakuomba kitu kimoja, mama. Subiri kura ipite. Sasa hivi kila kitu kimekuwa siasa, wataligeuza jina lako mchezo. Ikishapita, nitakuja mwenyewe hapa, tutaongea mimi na wewe. Kila kitu. Nakuahidi."

"Kila kitu, Whit?"

"Kila kitu."

Nadine akamwambia atasubiri. Whit akaushika mkono wake wa kulia kwa mikono yake miwili. Waliondoka na glasi zetu mbili, wakamtuma mtu kuzirudisha baada ya wiki.

Msinidanganye kwamba Whit hakuijua tarehe. Makaratasi yaliyokuwa mezani chumba chake cha kungojea, yale aliyokuwa anampa kila mgonjwa pamoja na dawa, yaliandikwa kwa herufi nyekundu: SHERIA INAANZA SEPTEMBA MOSI. Aliyepewa dawa ya kikohozi alipewa na karatasi. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa na kipimo cha mapigo ya moyo shingoni.

Karani wa mahakama haruhusiwi kumshauri mtu kuhusu kesi yake. Niliapa hivyo, mkono juu ya Biblia. Kwa hiyo nilimwambia tu, "Nadine, Septemba mosi ni Jumatatu, na ni sikukuu. Dirisha langu linafungwa Ijumaa saa kumi na moja."

"Nimeshampa neno langu, Dorthea."

"Na yeye amekupa lipi?"

"Ameahidi. Ahadi ni deni."

Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kumpigia Orval simu akiwa shambani. Ijumaa ile nilikaa dirishani na mhuri wangu, nikisikia kila gari linalopita. Voss alipiga simu mara mbili kuuliza kama mteja wake amefika kwangu, maana kwake hakutokea. Saa kumi na moja nikafunga. Miaka ishirini na sita nilijiona mtu mwenye msimamo, kumbe na mimi nina adabu ileile ya Harkey, ila yangu imevaa kiapo. Nilijidharau njia nzima hadi nyumbani.

Kura ikapita kwa kiduchu jimboni, na kwetu ikapita kwa kishindo. Nadine alinieleza kwamba alipiga Ndiyo. "Ili afunguliwe ulimi," alisema. Voss akamwandikia barua ya mistari minne kwamba ofisi yake haitaendelea na jambo hilo, akimtakia kila la heri. Bango lake bado liko mbele ya kiwanda, kidole kimenyooshwa, anampigania mnyonge.

Nadine akaanza kungoja. Jumamosi ya kwanza alioka pai ya pekani akaifunika kwa kitambaa, akakaa kibarazani. Jumamosi ya pili pia. Ya tatu Orval aliila ile pai amesimama jikoni, kisha akatoka, akang'oa bango uani na kulivunja gotini vipande viwili. Nadine alimwambia hilo ni bango la watu. Orval akamjibu, "Waje walichukue." Hayo ndiyo maneno marefu aliyosema mwezi ule.

Mwishoni mwa Oktoba tulikuwa na ibada ya shukrani na chakula cha pamoja, kila nyumba na sufuria yake. Mchungaji Doyle akamshukuru Mungu kwa mvua, kwa pamba, na "kwa kutubakishia daktari wetu mpendwa", na watu wakaitikia amina. Baadaye, ukumbini, Whit alikuwa anazunguka meza hadi meza akishika mikono. Alipofika meza yetu, Nadine alisimama. Alikuwa amevaa gauni lake la buluu, lile la kupigia piano.

"Whit, mwanangu," alisema. Hakupaza sauti, ila ana sauti ya mwalimu, na watoto walinyamaza kwanza, kisha wakubwa. "Ulisema kesi ndizo zilizokufunga ulimi. Sasa hakuna kesi. Wakili ameniacha. Mimi mwenyewe nilikupigia kura. Nimekungoja Jumamosi sita na pai."

"Mama Nadine, hapa si mahali—"

"Mahali ulipachagua wewe, hukuja. Basi niambie hapahapa. Uliukata?"

Tulikuwa watu themanini ukumbini. Wote tulikuwa tunajua, mwaka mzima na nusu. Hakuna aliyefungua kinywa, na mimi nikiwemo, na kinywa changu kinavyojulikana.

Whit akatabasamu. Nilimtazama kwa karibu, na sikuona hofu wala toba. Niliona mtu anayetafuta mlango. "Mambo haya ni ya kitaalamu, mama," alisema. "Na kuna watu wa bima, wana taratibu zao. Wananikataza kabisa. Lakini jua nakupenda, na nakuombea kila siku." Na akafanya kile anachomfanyia kila mtu: akauchukua mkono wake wa kulia, akaufunika kwa mikono yake miwili, akamtazama machoni.

Nadine aliuangalia mkono wake ukiwa mle ndani.

"Umeshaubana?" alimuuliza. "Niambie, mwanangu. Maana mimi sijui."

Whit akauachia. Celeste akasema jambo kuhusu watoto na shule kesho, wakatafuta funguo. Sahani zikaanza kugongana tena, mtu akauliza kama bado kuna saladi ya viazi, na Mchungaji akaiwasha ile mashine. Nadine akakaa, akavuta kiti karibu na meza kama kawaida yake. Alikuwa mtulivu kuliko nilivyomwona tangu Pasaka ile.

"Si mimi, Dorthea," aliniambia. "Si mimi niliyekosea."

Kisha mama mmoja akaja kumwomba alete pai wiki ijayo, kwenye mazishi ya mzee Haskell, na Nadine Pruett, miaka sitini na mitatu, akamtazama na kusema hapana.